Msinirefushe

Watu wangu, leo tuongee kuhusu sentimita.

Nina sentimita 155. Kwa lugha ya nyumbani hiyo ni futi 5 na inchi 1, nikiwa nimenyoosha mgongo na tukiacha nywele nje ya hesabu. Kazi yangu ni kuvaa nguo za watu wengine nipigwe picha, ili hizo nguo zinunuliwe. Sina wakala, sina mshahara. Nina simu, begi la viatu na pakiti mbili za vibanio vya nguo. Nikiambia mtu hivi kwa harusi ama kwa chama cha mama, kuna kitu macho yake hufanya: yanaanza kwa kichwa, yanashuka hadi kwa viatu, halafu yanarudi juu mbio kwa sababu safari ilikuwa fupi. "Mwanamitindo? Wewe?" Zamani nilikuwa najieleza. Siku hizi namuuliza yeye: suruali ya mwisho ulinunua, ulivaa hivyo hivyo ama ilipitia kwa fundi kwanza?

Karibu kila mara ilipitia kwa fundi.

Mwanamke Mkenya kwa wastani ana kama sentimita 158. Soma hiyo namba tena polepole. Huko Uingereza, zile nguo za watu wafupi hukatiwa wanawake wa futi 5 na inchi 3 kushuka, yaani sentimita 160, na Marekani wanaongeza inchi moja. Kwa hivyo kile ambacho wenzetu wanakiita saizi maalum ya watu wadogo, hapa ndiyo saizi ya mamako, ya mwalimu wako wa darasa la tatu, ya yule mama wa soja pale kwa geti ya benki. Halafu angalia mabango ya Nairobi na kurasa za maduka ya nguo. Utafikiri nchi hii inakaliwa na twiga. Maoni yangu, na nimekuja kuyatetea, ni kwamba anayewauzia Wakenya nguo huku akizipiga picha kwa mtu wa sentimita 176 peke yake anawaficha wateja wake jambo la maana.

Kabla mnirukie: sina ubaya na warefu. Nairobi hii ndiyo mpiga picha Peter Beard alimwona Iman mwaka 1975, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Ajuma Nasenyana alitoka Turkana akaenda kutembea kwa majukwaa makubwa ya ng'ambo. Nawaheshimu kabisa. Hata sababu ya jukwaa kutaka warefu naielewa. Mbunifu akiwa anaandaa onyesho hushona sampuli, kila vazi moja tu, kwa kipimo kimoja. Yeyote atakayelivaa lazima aingie, hakuna muda wa kushona lingine. Ndiyo maana kwa wanawake vipimo vya jukwaa vinaanzia huko karibu sentimita 175. Kate Moss, ambaye kila msichana mfupi mwenye ndoto hutajiwa ili apate moyo, ana kama sentimita 170. Dada zangu, huyo si mfupi. Huyo ananizidi sentimita 15. Huyo kwetu angekuwa anaitwa kila jioni atoe sufuria juu ya kabati.

Lakini jukwaa na duka ni kazi mbili. Mtu akiangalia picha ya gauni la shilingi 2,500 kwa simu yake saa tano usiku, amelala, bando linaisha, anataka kujua kitu kimoja: hii itanifikia wapi?

Neno lenyewe la kazi yangu nililikuta Gikomba. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, zile saa marobota yanafunguliwa na wachuuzi wanapigania kamera. (Kwa walio nje ya Nairobi: kamera ni mtumba wa daraja la kwanza, ile nguo inatoka kwa robota kama haijawahi kuvaliwa. Ndiyo, nafanya kazi mbele ya kamera nikiwa nimevaa kamera. Huo utani nishausikia.) Nikavuta suruali moja nyeusi yenye lebo ya duka la Uingereza, na chini ya jina la duka kulikuwa na neno dogo: petiti, hivyo ndivyo nilivyolisoma. Ni Kifaransa, maana yake mdogo. Nikaivaa pale pale juu ya taitsi. Goti la suruali likaangukia goti langu. Kiuno kikakaa kwa kiuno. Mama wa meza akanitazama akasema, "Hiyo ilishonewa wewe, mrembo," halafu akaongeza bei papo hapo.

Hiyo suruali ilinifundisha kitu ambacho wauzaji wengi bado hawajui. Mfupi si mtu mrefu aliyekatwa pale chini. Ukikata pindo la suruali ya mtu mrefu, umekata pindo tu. Sehemu ya goti bado iko katikati ya muundi wako, pale inapobana ndipo ilipaswa kupanuka. Nafasi kutoka kwa tako hadi kiunoni imebaki ndefu, kwa hivyo ukikaa suruali inakunjana kwa tumbo kama pazia. Blauzi ndiyo mbaya zaidi: bega linateremka, shimo la mkono linaanguka hadi pajini mwa mbavu, na kiuno cha blauzi kinakaa kwa nyonga. Wanawake wengi huvaa hivyo maisha yao yote wakifikiri mwili wao ndio una shida. Nguo ya petiti hukatwa upya kuanzia bega. Pindo ndilo la mwisho.

Sasa kazi yenyewe.

Wateja wangu wengi ni wale mama na dada wanaouza mtumba mtandaoni na wenye eksibisheni, vile vibanda vya vioo vya Moi Avenue na vya Eastleigh, wanaoleta nguo kutoka Uturuki na China. Nao hawataki stori mingi. Wana nguo 30, studio wameikodi saa tatu, wanataka picha 3 za kila nguo na video fupi. Ukifanya hesabu, hiyo ni dakika 6 kwa kila nguo, kuvaa na kuvua na kupasha vitu pasi mkiwa ndani ya hizo hizo dakika. Nilianza na shilingi 300 kwa nguo moja. Saa hii ni 800, ama 9,000 kwa nusu siku, na nauli ni juu ya mteja kama studio iko nje ya mji. Nimewaambia bei kwa sababu hii biashara ya kila mtu kuficha bei yake ndiyo inafanya msichana mpya aambiwe "tutakupa picha za kujitangaza" na akubali. Picha hazilipi nyumba. Landlodi wangu wa Umoja hajawahi kuniuliza nina laiki ngapi.

Kuna ujanja wa kazi, na sitaficha. Kamera ikishuka hadi usawa wa kiuno, miguu inaonekana mirefu. Suruali ya kiuno cha juu inasaidia. Viatu vya rangi ya ngozi yako vinaongeza mguu bila mtu kujua. Usisimame karibu na mlango, kiti cha baa ama mpiga picha mwenyewe, maana vyote vitakushtaki. Na vibanio! Nguo ikiwa kubwa inakusanywa kwa mgongo na kubanwa, mbele iko sawa kabisa, nyuma unafanana na kamba ya kuanikia nguo siku ya Jumamosi.

Najua mtu atasema vibanio navyo ni uongo. Nimelifikiria sana hilo. Msimamo wangu ni huu: kama nguo ni ya saizi 14 na mimi ni saizi 8, kibanio kinaonyesha vile itakaa kwa mwenye saizi 14, hiyo sina shida nayo. Lakini kama muuzaji anaiita hiyo nguo saizi 8 na bado tunaibana, hapo tunamdanganya mtu wa saizi 8, na huwa nasema. Mara nyingine nasikizwa. Mara nyingine naambiwa "wewe vaa tu, siz".

Mbali na nguo kuna kazi ambazo urefu hauna maana: mikono inayoshika simu, miguu ya viatu vya saizi 4, nywele, hereni, miwani, tangazo la unga ambapo kazi yako ni kutabasamu kwa ugali. Matangazo hulipa vizuri kuliko nguo lakini huja mara moja baada ya miezi. Januari naitwa kuvaa sare za shule. Nina miaka 26, nina kitambulisho, nina deni la HELB, na bado mtu ananipigia kuniuliza kama naweza kuwa darasa la nane. Sweta za shule nakubali, bila uso. Kuna wengine huomba mtu mfupi "aonekane kasichana" kwa picha ambazo hazina uhusiano na shule. Hao nawafungia mlango bila maelezo, na namba zao tunatumiana kwa grupu yetu ya WhatsApp ya wanamitindo ili wasimpate mwingine. Hapo pia ndipo tunaandikiana tuko studio gani na tunatoka saa ngapi. Usaili unaofanyiwa kwa chumba cha lojing'i si usaili.

Mawakala nilienda, msinione kama sikujaribu. Watatu. Mmoja alinipima kwa ukuta kabla ya kuniuliza jina. Wa pili alitaka shilingi 15,000 za "usajili na mafunzo" halafu angenitafutia kazi, yaani nimlipe mimi ndio aniajiri. Wa tatu alikuwa mwaminifu: akaniambia wateja wake wanaomba kuanzia futi 5 na inchi 7, na kama ataniweka kwa orodha nitakaa hapo kama picha ya marehemu. Nilimshukuru kwa dhati. Nikatoka hapo nikajua nitajiuza mwenyewe, na nitaanza na kile kitu wote wanakiogopa. Nikaandika kwa kila ukurasa wangu, mstari wa kwanza, kabla hata ya jina: sentimita 155.

Huo mstari ndio uliniletea kazi. Wanawake walianza kunifuata kwa sababu walikuwa wanatumia mwili wangu kama tepu ya fundi. Mtu anaona gauni kwangu linafika chini ya goti, anajua kwake pia. Hawajui naitwa nani kwa kitambulisho, lakini wanajua inchi zangu kuliko mama yangu. Na ndiyo sababu kile kilichotokea mwaka jana kiliniuma hivyo.

Kulikuwa na duka moja katikati ya mji, jina naliacha. Lilikuwa linaniita mara tatu kwa mwezi, yaani shilingi 18,000 za uhakika wakati huo, na nyumba yangu ni 9,500. Kwa mtu wa kujitegemea, mteja kama huyo ndiye usingizi wako. Siku moja naingia kwa ukurasa wao naona picha yangu nikiwa na gauni la kijani. Nilijua hilo gauni. Kwangu lilikuwa linafika karibu na kifundo cha mguu, na nakumbuka nilimwambia mwenye duka ni refu kwa watu wetu. Lakini kwa picha liliishia katikati ya muundi, na chini yake kulikuwa na miguu mirefu, mizuri, ambayo sijawahi kuwa nayo. Walichukua sehemu ya picha kutoka kwa pindo kwenda chini, wakaivuta kwa programu. Unajua nilijuaje? Vigae vya sakafu. Nilipoingia hapo studio vilikuwa mraba. Kwa picha vilikuwa mstatili.

Ningeweza kucheka nikaachia hapo, kama si ujumbe wa dada mmoja wa Nakuru. Alikuwa amenunua hilo gauni kwa ajili ya ruracio ya dada yake. Akaandika: nilinunua kwa sababu ni wewe ulikuwa umevaa, na mimi ni 155 kama wewe. Lilimfikia Ijumaa jioni, sherehe ni Jumamosi asubuhi, fundi amefunga. Gauni lilimfika kwa kifundo, mpasuo ukamkalia chini ya goti hata hatua hawezi kupiga vizuri. Alituma picha. Alikuwa anacheka kwa hiyo picha, amelishika gauni kwa mkono mmoja kama mtu anavuka mtaro Githurai wakati wa mvua. Hakuwa amenikasirikia. Aliuliza tu, "Kwani wewe umeongeza urefu?"

Nilimpigia mwenye duka. Nikamwambia kwa heshima, mama, hiyo picha itoe, mimi si huyo. Akaniambia, "Siz, watu wanapenda miguu. Hii ni biashara. Si hata unaonekana vizuri?" Nikamweleza habari ya dada wa Nakuru. Akasema angempunguzia bei ya gauni lingine. Nikamweleza kwamba watu wanaonunua kwa sababu yangu wananunua kwa sababu ya urefu wangu, kwamba akiubadilisha hana sababu ya kunilipa, achukue yeyote. Akanyamaza kidogo, halafu akasema atachukua yeyote. Picha ilikaa hapo wiki mbili zaidi.

Hivyo ndivyo 18,000 za mwezi zilienda. Miezi mitatu iliyofuata nilikula githeri kwa njia zote zinazojulikana na sayansi. Mama aliniuliza, kwa upole, kama kweli sentimita chache za picha zinafaa mtu kukosa kodi, na kusema kweli siku zingine nilikuwa sina jibu la kumpa. Jibu lilikuja kwa njia ya kikazi. Mimi sina sura ya kusimamisha matatu. Sina urefu. Sina wakala wa kunitetea. Kitu ninachouza ni kwamba ukiona nguo kwangu, unajua itakukalia vipi. Mtu akiharibu hicho, mimi sina duka.

Kwa hivyo siku hizi nina mkataba. Kurasa mbili, Kiswahili na Kiingereza, natuma kwa WhatsApp kabla sijafungasha begi. Unasema picha ni za nani na zitatumika wapi: ukurasa wako na WhatsApp yako kwa miezi sita, ukitaka bango ama kumpa muuzaji wa jumla unanilipa tena. Unasema nusu ya pesa inaingia kwa M-Pesa kabla ya siku ya kazi. Na kipengele cha tano, kile wateja husoma mara mbili, kinasema: urefu na umbo langu halitabadilishwa kwa programu yoyote, na urefu wangu utaandikwa kando ya picha. Chunusi futa, nakuombea baraka. Mwanga ongeza. Sentimita acha.

Wasichana wengi huniambia mkataba ni wa watu wakubwa. Hapana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na picha ya uso wako ni data yako. Anayetaka kuitumia kibiashara anahitaji idhini yako. Hii si maneno ya karatasi tu. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza kilabu kimoja cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Na kama mtu amekataa kukulipa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inasikiliza kesi za hadi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na kesi inapaswa kuisha ndani ya siku 60. Sijaenda huko bado. Lakini niliwahi kumwandikia mteja wa 7,000 kwamba Jumatatu nitakuwa Milimani, na pesa ikaingia Jumapili wakati wa mahubiri.

Tuma ankara pia. Ankara ya malipo, si ile ya kitambaa, ingawa mteja mmoja aliniuliza ni mita ngapi. Kampuni kubwa ikikulipa inaweza kukata asilimia 5 ya kodi kabla pesa haijakufikia. Uliza cheti cha makato, usiache. Na kama unapata pesa kwa video zako, mnakumbuka zile kelele za 2023, walitaka asilimia 15 kwetu watengeneza maudhui ikapita 5. Mengine ya KRA yanahitaji posti yake na chai.

Kitu ambacho sikutarajia ni kazi iliyokuja baada ya hayo yote. Mbunifu mmoja, ana karakana ndogo na mafundi wanne, alisoma kipengele cha tano akaniuliza kama naweza kuja bila mpiga picha. Alitaka mwili. Unasimama saa tatu kwa kiti kifupi, fundi ana pini mdomoni, anakuvalisha suruali ya kitambaa cha kujaribia, anachora kwa chaki. "Kaa. Inama. Panda ngazi. Inua mkono kama unashika chuma cha matatu." Hapo ndipo unasema: goti liko chini. Bega linateremka. Mfuko umefika mahali mkono wangu haufiki. Anaweka alama, anarudi kwa karatasi ya kukatia, anakata tena. Hakuna mtu atakayeniona. Hakuna laiki. Analipa 1,500 kwa saa na ananipa chai na mandazi.

Siku ya kwanza fundi mkuu, mzee wa miaka kama 60, alipima kutoka bega langu hadi kiunoni, akaangalia tepu, akapima tena. Akasema miaka yote amekuwa akikatia wanawake kwa kipimo alichofundishwa kutoka kwa kitabu cha Kizungu, halafu wakija anawapunguzia. "Mtoto wangu," akaniambia, "nimekata mara mbili kila nguo tangu 1989." Sasa wana karatasi tatu za suruali ukutani: mrefu, wa kati, na moja imeandikwa kwa kalamu nyekundu 155. Hiyo ya tatu ndiyo inaisha kwanza kwa stoo. Mimi nimekwisha kuomba kwamba wakiipiga picha, niivae mimi, na tuweke kando yangu mwenzangu wa sentimita 174 akivaa ile yake, tusimame sakafu moja, vigae vionekane.

Wiki iliyopita, saa nne usiku, yule mama wa duka la katikati ya mji alinitumia ujumbe. Hakusalimia sana. Ameleta mzigo mpya, wateja wanauliza "yule mfupi" alienda wapi, na kila mmoja anataka kujua nguo itafika wapi, anachoka kuwajibu. Naweza kuja Alhamisi?

Nikamjibu, "Habari ya jioni, mama. Naweza." Nikamwambia bei ni ile ya 800 sasa. Kisha nikamtumia kurasa mbili.

Alama mbili za buluu zilitokea saa hiyo hiyo. Nimeona anaandika, ameacha, anaandika tena, ameacha. Leo ni Jumanne.